Namba 65,537 na Korongo la Tuamzigo

Ujumbe wa asubuhi ile haukuwa na salamu.

Veneranda alilijua hilo kabla hajafumbua hata herufi moja. Mkono uliokuwa ukigonga mitambo haukuwa wa Yahaya, kijana wa adui. Yahaya aligonga taratibu, kama anayebisha hodi kwa wakwe. Huyu wa leo aligonga mbiombio, akamaliza, akazima bila kusubiri jibu.

Nje, upande wa stesheni, treni ya askari ilipiga honi ya kuondoka.

Akavua hedifoni. Ndani ya treni ile alikuwamo Damas, mwanawe wa pekee.

Alivuta simu ya jeshi kutoka ndani ya mzinga mkavu wa nyuki, akazungusha mpini.

"Mrina hapa."

"Sema, Mrina." Ilikuwa sauti ya Kapteni Hollis, mkuu wa upelelezi wa siri, akiwa ofisini kwake nyuma ya boma.

"Wametuma sasa hivi. Safari hii amegonga Mzungu mwenyewe."

"Amesema nini?"

"Sijafumbua."

"Treni imeondoka."

"Nimeisikia, Kapteni. Sina masikio ya mapambo."

"Basi fumbua. Upesi."

Ulikuwa mwaka 1942, na Waingereza walikuwa wakisomba vijana wa Tanganyika kuwapeleka Dar es Salaam na kuwapakia melini kwenda vitani. Gongoni nzima, mtaa wa Tabora, ilimjua Veneranda kama Mama Damas, muuza asali mwenye bei ngumu. Hakuna aliyejua kwamba nyuma ya madebe yake ya asali mlikuwa na redio ya Marconi, wala kwamba debe moja lilikuwa na kitako cha uongo chenye bastola ya Webley. Jina lake la siri, Mrina, lilijulikana na watu wachache, na wote walikuwa wameapa.

Damas hakuwa miongoni mwao. Alichojua ni yale aliyoambiwa kijiweni, kwamba mama yake huonekana jioni akipita nyuma ya boma, kwa Mzungu. Alimuuliza. Mama hakujibu, maana kiapo ni kiapo. Tangu siku hiyo kijana alikula chakula chake, akafua nguo zake, akampita mama yake mlangoni asubuhi na jioni, kimya. Hakumwamkia tena. Leo alfajiri alibeba mfuko wake wa kijeshi akatoka hivyo hivyo, na Veneranda alibaki ameshika nguzo ya mlango, marahaba imemkwama kooni.

Akaitazama karatasi yenye tarakimu. Akajikaza.

Adui alikuwa Bwana Ritter, fundi saa wa mjini aliyejiita Mswisi, na kijana wake wa mitambo, Yahaya Kashindye. Walikuwa wakituma habari za treni kwa mzee mmoja Mjerumani, mkulima wa zamani aliyejificha upande wa Wareno, kule Msumbiji. Mzee yule alijua Kiswahili kuliko Waswahili wengi, basi wakawa wanaandikiana kwa Kiswahili. Kila herufi waliigeuza tarakimu mbili: A ikawa 01, B ikawa 02. Halafu juu ya tarakimu hizo walijumlisha tarakimu nyingine za siri, kutoka kwenye mkondo mrefu ambao wao tu waliujua. Asiye na mkondo aliona takataka.

Wataalamu wa Nairobi walisema tusubiri. Kila mkondo hurudia, walisema, na ukirudia tu tutawanasa. Walisubiri mwezi, wakasubiri wa pili. Haukurudia. Treni moja ya silaha ikalipuliwa, na bado walikuwa wakisubiri.

Veneranda hakuwa na subira ya namna hiyo. Alifundishwa hesabu misheni na sista mmoja Mfaransa aliyependa namba kuliko chakula, na alilelewa Tabora. Vitu hivyo viwili ndivyo vilivyomsaidia. Alijiambia hivi: mtu wa hapa, hata awe mwizi wa ng'ombe, hawezi kumwandikia mzee akaanza na shauri moja kwa moja. Lazima aanze na salamu.

Basi akaweka neno SHIKAMOO kichwani mwa ujumbe mmoja, akatoa tarakimu zake kutoka kwenye tarakimu za adui. Zilizobaki zilikuwa kipande cha mkondo wa siri. Akakichukua kipande kile kama desimali. Akagawanya moja kwa desimali hiyo, akaondoa namba nzima, akagawanya tena moja kwa kilichobaki, hadi ikajitokeza sehemu moja safi, namba juu ya namba. Akafanya hivyo kwa ujumbe wa pili. Na wa tatu. Namba za juu zilikuwa tofauti kila mara.

Ya chini ilikuwa moja. 65,537.

Aliikodolea macho. Aliijaribu kwa tatu, kwa saba, kwa kumi na moja, akapanda hivyo hivyo hadi alipofika mahali ambapo hapakuwa na haja ya kuendelea. Haikugawanyika na kitu. Namba tasa. Na umbo lake lilikuwa la kushangaza: anza na mbili, zidisha kwa mbili, na tena kwa mbili, ukifika elfu sitini na tano mia tano thelathini na sita, ongeza moja tu. Mtu aweza kuibeba kichwani maisha yake yote, bila karatasi, bila daftari la kukamatwa nalo.

Ndipo akaelewa kwa nini Nairobi wangesubiri mpaka ndevu zifike magotini. Ukigawanya moja kwa saba, unapata 142857, kisha 142857 tena, basi. Saba inajirudia baada ya tarakimu sita, moja pungufu ya saba. Namba tasa nyingine hujirudia mapema. Lakini ziko chache zenye ukaidi wa saba, na hii kubwa ilikuwa mojawapo. Ukigawanya moja kwa 65,537, tarakimu zinamiminika elfu sitini na tano na zaidi kabla mkondo haujarudi ulikoanzia. Vita vingekwisha kabla.

Ujumbe wa kwanza aliousoma mzima ulimchekesha, halafu ukamhuzunisha.

SHIKAMOO MZEE. BWANA ANANIKATAZA SALAMU. ANASEMA NI HATARI. NISAMEHE, SIWEZI KUANZA BILA SALAMU KAMA MBWA. MWANAO YAHAYA.

Alimjua Yahaya kwa sura, ingawa kijana hakumjua yeye. Mtoto wa Gongoni, aliyelelewa na bibi yake shamba, Isikizya, akawa fundi wa mitambo jeshini kabla hajaacha. Polisi walipokwenda kwenye duka la saa walikuta saa zote zinatembea na hakuna mtu.

Sasa Bwana Ritter alikuwa amemnyang'anya Yahaya mitambo, na salamu imetoweka nayo.

Veneranda hakuhofu sana. Ujumbe mpya siku zote ulianzia pale mkondo ulipokomea kwenye ujumbe wa jana. Baki la jana alikuwa nalo. Akaendelea kugawanya, jasho likimdondokea mezani, akaandika mkondo, akatoa.

Ilitoka themanini na saba. Tisini na mbili. Hamsini na nne.

Hakuna herufi za namna hiyo.

Akarudia. Takataka ile ile.

Simu ikalia.

"Mrina?"

"Bado."

"Treni imepita vilima."

"Kapteni, ukinipigia hivi nitakosea hesabu!"

Akakata. Akashika kichwa kwa mikono miwili. Ritter ameruka. Ameuacha mkondo mahali pake akaenda kuanzia kwingine, na mahali elfu sitini na tano pa kuanzia palikuwa mbele yake, na treni inakwenda, na Damas yuko ndani yake amenuna. Akaanza kulia. Hakulia kwa sauti. Machozi yalikuja tu, naye akayafuta kwa pindo la khanga ili yasiloweshe karatasi.

"Ameruka kwenda wapi?" akajiuliza. "Wewe fundi saa, ungeruka kwenda wapi?"

Fundi saa.

Mtu anayependa mviringo. Mshale uko sita, unatazamana na kumi na mbili.

Akaandika tena mkondo wa saba, mchezo ambao sista alikuwa akiwachezea wasichana siku za mvua. 142857. Ukate katikati. 142 juu, 857 chini. Moja na nane, tisa. Nne na tano, tisa. Mbili na saba, tisa. Nusu ya pili ya mkondo ni nusu ya kwanza iliyotolewa kwenye tisa. Na kama ni hivyo kwa saba, ni hivyo kwa dada yake mkubwa.

Ritter hakuwa na haja ya kuhesabu chochote. Alivuka tu akaenda upande wa pili wa saa.

Veneranda akachukua mkondo wake uleule. Palipokuwa na sifuri akaandika tisa. Palipokuwa na moja akaandika nane. Tano, nne. Penseli ilikatika ncha. Akaing'ata kwa meno, akaendelea. Akatoa.

T. R. E. N. I.

"Mungu wangu," akasema.

TRENI YA LEO. KORONGO LA TUAMZIGO KABLA YA TURA. KIJANA YUKO KWENYE MPINI WA BARUTI. MIMI NALINDA. MWISHO.

Akazungusha simu hadi mpini ukataka kung'oka.

"Daraja dogo la Korongo la Tuamzigo. Wametega baruti."

"Tuamzigo?" Karatasi zilisikika zikifunuliwa. "Haipo kwenye ramani."

"Ramani yenu ilichorwa na watu waliopita kwa treni. Babu yangu alipita kwa miguu, pembe ya ndovu begani. Hapo ndipo wapagazi walipotua mizigo kabla ya kuingia Tura. Simamisha treni!"

"Subiri." Kengele ya simu nyingine ikalia na kulia. Hollis aliporudi, sauti yake ilikuwa imepwaya. "Waya wa mashariki umekufa. Hakuna kituo kinachojibu."

"Wameukata."

"Lori langu liko Isikizya. Nitaita askari, lakini—"

"Watafika kuzika. Nakwenda mwenyewe."

"Utakwendaje?"

"Kwa pikipiki yako, Kapteni. Ile BSA iliyoko kwenye banda langu. Nitakurudishia ikibaki."

Hakusubiri ruhusa.

Wanawake wa Gongoni waliokuwa wakifagia nje walisimama na mafagio mikononi. Mama Damas, mtu mzima, mwanakwaya, alipita amekalia pikipiki ya kijeshi, suruali ya kaki chini ya khanga, debe la asali limefungwa nyuma kwa kamba. Vumbi likawafunika. Habari ile ingewatosha mpaka Krismasi.

Reli ya kati inazunguka zunguka kutafuta miinuko laini. Njia ya misafara haikuzunguka; mwenye mzigo wa pembe begani hana muda wa kuzunguka. Ilikwenda moja kwa moja katikati ya miombo, nyembamba, imekanyagwa na nyayo za watu ambao wengine hawakurudi. Veneranda aliishika njia hiyo na kuikata. Matawi yalimchapa. Mbung'o walimuuma shingoni, akawaacha waume. Mara mbili alianguka, mara mbili akainuka, BSA ikanguruma tena.

Hakuwa akimfikiria Mfalme wa Uingereza. Alimfikiria Damas akiwa mdogo, akipiga magoti kila asubuhi kandokando ya kitanda, akisema shikamoo kabla hajafumbua macho vizuri. Alifikiri kwamba kama kijana atakufa leo, atakufa akiamini mama yake ni mtu asiyestahili salamu. Wazo hilo lilimchoma kuliko matawi. Akafungua mafuta hadi mwisho.

Kushoto, juu ya miti, moshi.

Treni. Ilikuwa imesimama kuchota maji, sasa inang'oa nanga tena. Akapiga kelele, akijua ni upuuzi. Hakuna ambaye angemsikia. Baina yake na reli palikuwa na msitu usiopitika. Cha kufanya kilikuwa kimoja tu, kuitangulia.

Akaitangulia. Moshi ukabaki nyuma ya bega lake.

Ndipo gurudumu la mbele lilipopasuka.

Pikipiki ilimrusha kwenye majani. Alipoinuka goti lilikuwa linachuruza damu na BSA imelala ubavu, gurudumu linazunguka hewani. Hakuilaumu. Akafungua debe, akachomoa Webley kwenye kitako cha uongo, akaichomeka kiunoni chini ya khanga pamoja na koleo la kukatia waya. Akajitwisha debe. Mwanamke mwenye debe kichwani anaweza kupita popote katika nchi hii na hakuna atakayemuuliza jina.

Alikimbia hadi alipoliona korongo. Hapo akaacha kukimbia.

Njia ya misafara ilikuwa imemtoa upande wa mashariki wa daraja, upande mbaya. Treni ingetokea magharibi. Hakuwa na namna ya kuvuka na kuipungia kitambaa. Kati yake na treni kulikuwa na korongo, na kwenye ukingo wa upande wake, nyuma ya jiwe, alichuchumaa Yahaya Kashindye. Mbele yake palikuwa na sanduku lenye mpini wa kusukuma chini. Waya ulitoka hapo ukaingia chini ya daraja. Mikono yake yote miwili ilikuwa juu ya mpini.

Ng'ambo ya korongo, chini ya mninga, alisimama Bwana Ritter, kofia kichwani, bunduki ya Mauser mkononi. Juu kabisa ya kofia yake, kwenye tawi, ulining'inia mzinga wa nyuki. Mtu yeyote wa Tabora angeangalia juu kabla ya kusimama chini ya mti. Ritter alikuwa ametazama reli tu.

Veneranda alipima. Akimpiga Yahaya risasi, Yahaya ataangukia mpini. Akimpiga Ritter, Yahaya atashtuka na kusukuma. Alihitaji kitu kimoja, mikono ile miwili iachie. Na hakuna risasi inayoweza kumfanya mtu aachie taratibu.

Nyuma ya kona, treni ilipiga honi.

Akavuta pumzi. Akaanza kutembea.

Alitembea polepole, debe kichwani, huku kila mshipa wa mwili wake ukimpigia kelele akimbie. Ritter alimwona, akainua Mauser. Akaishusha. Mlio wa bunduki ungewashtua wa kwenye treni kwa ajili ya mwanakijiji mmoja. Akampungia Yahaya mkono kwa hasira: mfukuze.

Veneranda akafika. Akasimama mbele ya kijana. Hakusema kitu.

Alisubiri tu. Mtu mzima akisimama mbele yako akanyamaza, anasubiri kuamkiwa, na aliyelelewa vizuri haumudu ukimya ule hata dakika moja.

Yahaya aliinua macho. Jasho lilikuwa limemlowesha kola.

"Shikamoo, mama," akasema, mikono palepale. "Pita upesi, mama. Hapa pana kazi ya serikali."

"Marahaba."

Hakusogea.

"Mama, nakuomba."

"Umelelewa na nani, mwanangu?"

"Mama, pita!"

"Nimekuuliza. Mama yako amesimama mbele yako na mzigo kichwani, nawe unamwamkia umeng'ang'ania mpini, kama unayefukuza kuku?"

Midomo ya kijana ilicheza. "Bibi yangu. Bibi yangu wa Isikizya."

"Bibi wa Isikizya ndiye aliyekufundisha salamu hii?"

Reli zilianza kuimba. Ritter alipiga ukelele wa Kijerumani ng'ambo. Veneranda hakumtazama. Akabaki amesimama, macho yake kwenye macho ya mtoto wa mtu.

Yahaya alifumba macho.

Akaachia mpini.

Akainama kama wafanyavyo watoto wa Kinyamwezi wakiamkia, akapiga makofi ya taratibu, viganja vimekingwa. "Mwangaluka, mama. Nisamehe. Nina—"

"Mwangaluka, baba."

Debe lilianguka. Koleo lilitoka. Waya ulikatika kwa mlio mdogo kuliko makofi ya Yahaya.

"Mama!" Yahaya aliruka kwenye sanduku, akausukuma mpini kwa uzito wake wote mpaka chini.

Kimya.

Akausukuma tena. Na tena. Akabaki ameukumbatia.

Risasi ya Mauser ilitoboa debe na asali ikaruka ikamfunika Veneranda usoni. Akajitupa chini nyuma ya jiwe. Jicho moja limezibwa. Akachomoa Webley, akaegemeza mkono juu ya jiwe, akalenga juu ya kofia ya Ritter. Juu sana.

Akapiga.

Hakupata kitu ila gome.

Ritter alicheka, sauti yake ilivuka korongo. Akaingiza risasi nyingine, akainua bunduki kwa raha zake.

Veneranda akafuta jicho, akapiga tena.

Mzinga ulipasuka katikati, nusu yake ikamwangukia Ritter begani, na nyuki wa Unyamwezi, ambao hawajui Mswisi wala Mjerumani, wakamshukia. Mauser ilikwenda upande wake na kofia upande wake. Aliteremka korongoni akipiga mayowe, akajitupa kwenye dimbwi lililokuwa limebaki tangu masika, akazama mpaka puani. Baadaye askari walipomtoa kwenye matope yale aliwashukuru kwa lugha tatu.

Yahaya alikuwa bado amekaa ameshika mpini. Hakukimbia. Veneranda alimfunga mikono kwa waya wake mwenyewe, naye akatulia kama mtoto anayevalishwa shati.

"Mlitujuaje?" akauliza.

"Kwa salamu zako. Kila siku ulianza na shikamoo."

"Bwana alinikataza."

"Najua. Nilisoma."

Kijana alitazama chini. Machozi yalimdondoka. "Baba yangu aliwabebea Waingereza mizigo vita vile vya kwanza. Hakurudi. Hata kaburi hatukuonyeshwa. Mama, ningekaa kimya mpaka lini?"

Veneranda alikaza fundo la waya. Alijua kamba ya kitanzi inamsubiri kijana huyu mjini, na ilimuuma, kwa sababu kilichomfikisha hapo si ubaya wake ila adabu yake.

"Walio kwenye treni ile ni watoto wa wapagazi wale wale," akasema mwishowe. "Nani angewaonyesha mama zao makaburi?"

Yahaya alikunja miguu. Alilaza kichwa juu ya magoti.

Treni ikatokea konani. Daraja lilitetemeka, likashika. Mabehewa yakaanza kupita yamejaa vijana wakiimba, wengine wamekaa milangoni miguu nje, hawajui kitu, wanatupa maganda ya miwa. Veneranda alisimama pembeni ya reli. Asali na vumbi vilikuwa vimeufanya uso wake kama kibuyu kilichopakwa udongo. Khanga ilikuwa imemwangukia machoni. Aliwatazama mmoja mmoja mpaka akamwona.

Damas alikuwa amekaa mlangoni, kofia imekaa upande, mdomo bado umenuna vilevile. Mama alifungua kinywa kumwita. Akakifunga. Kiapo ni kiapo.

Macho ya kijana yalimpitia. Aliona mwanamke mtu mzima, mchafu, peke yake porini, amesimama kandokando ya reli. Hakumtambua.

Akainua mkono, akainamisha kichwa kidogo, kama alivyofundishwa.

"Shikamoo, mama!"

Upepo wa treni uliichukua sauti ile na kumpigia nayo kifuani.

"Marahaba," akasema Veneranda. Behewa lilikuwa limeshapita.

Alisubiri mpaka moshi ulipopotea upande wa Tura. Kisha akarudisha Webley kiunoni, akafuta koleo kwa pindo la khanga, akampa Yahaya maji ya kunywa kwa kiganja chake. Alipoisikia injini ya lori la Kapteni kwa mbali, akaokota debe lake lenye tundu, akajitwisha.

Askari walipofika walimkuta kijana aliyefungwa vizuri, Mzungu dimbwini, na waya uliokatwa. Wakauliza ni nani aliyefanya hivi.

"Mama mmoja," Yahaya akasema.

Mama mwenyewe alikuwa ameshaishika njia ya wapagazi kuelekea Tabora, anachechemea, debe tupu kichwani, asali inamkauka shingoni. Hakuwa na haraka tena. Kila hatua chache midomo yake ilicheza, ikiitikia salamu ileile.

Marahaba, baba. Marahaba.